Mvukuto wa Kidonda

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwenu leo hakuna mtu mwenye kidonda, shukuru, kisha usome hivyo hivyo, kwa maana kidonda hakipigi hodi. Mimi nilifunga vidonda vya watu kwa miaka 34 katika zahanati ya kijiji, huku kwetu Ngara karibu na mpaka wa Rwanda. Sasa nimestaafu, nalima migomba yangu na kufuga mbuzi wanne. Nataka kukusimulia habari ya chombo kidogo alichokuja nacho mjukuu wangu likizo iliyopita. Lakini siwezi kusimulia habari ya chombo kabla sijakiri habari ya mguu wa kaka yangu.

Mwaka 2009 kaka yangu alianguka na baiskeli, naye amebeba mikungu miwili ya ndizi. Chuma kilimchana mguu mbele, katikati ya goti na kifundo, pale ambapo mfupa u karibu na ngozi. Akaletwa kwangu. Tukamwosha, akachomwa sindano ya pepopunda, akashonwa. Siku ya sita nyuzi zikaachia, kidonda kikafunuka upana wa kiganja cha mtoto. Nikawa namfunga kila siku kwa shashi kavu. Kila asubuhi shashi ile ilikuwa imegandamana na nyama, nami nikiivuta yeye anauma meno, damu inatoka upya. Niliona kazi hiyo ni njema, kwa kuwa nilifundishwa nikiwa msichana kwamba kidonda sharti kikauke. Hata nikamwambia, "Kaka, ukifika nyumbani kaa juani, ukifunue kipate upepo." Ndivyo nilivyosema, msomaji, na maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Kumbe tangu mwaka 1962 Bwana mmoja wa Uingereza, George Winter, alikuwa amekwisha onyesha kinyume chake! Alichuna ngozi ya juu ya nguruwe, vidonda vidogo vidogo. Vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki, vingine akaviacha vikauke hewani. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mpya upesi, karibu mara mbili ya vile vilivyokauka. Sababu yake ni rahisi ukisha kuambiwa: ngozi mpya hutambaa kutoka kandokando, nayo hupita vizuri juu ya unyevu. Penye gaga kavu haiwezi kupita, sharti ichimbe njia chini yake. Usinielewe vibaya lakini. Unyevu ni kitu kimoja, na usaha ni kitu kingine. Kidonda kinachoogelea katika maji machafu nacho hakiponi. Basi habari ya nguruwe wale ilisafiri miaka 47 bila kufika mlangoni pangu.

Kosa la pili halikuwa langu peke yangu. Kaka yangu alikaa kilomita 9 kutoka zahanati. Pikipiki wakati ule ilikuwa shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Juma la kwanza alikuja kila siku. Akauza mbuzi. Juma la tatu akaja mara tatu. Akauza kuku waliobaki, akaja Jumatatu tu. Kisha sikumwona kwa siku 19, nami kwa kazi nyingi sikutuma mtu kumwuliza. Siku aliyorudi, harufu ilitangulia kuingia kabla yake.

Tukampeleka hospitali kubwa. Huko palikuwa na mashine moja ya umeme inayovuta maji machafu katika kidonda. Ilikuwa imefungwa kwa mgonjwa mwingine, na umeme ulikatika mara kwa mara. Siitaji hospitali hiyo, maana waliokuwa kazini niliona kwa macho yangu hawalali. Mfupa ulikuwa umekwisha haribika. Mwezi wa saba tangu kuanguka kwake, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Mashine ile ndiyo chanzo cha habari yangu ya leo, basi yafaa uijue. Wataalamu wawili wa Marekani, Louis Argenta na Michael Morykwas, waliandika habari zake mwaka 1997, na tangu hapo imeenea katika hospitali za nchi tajiri. Namna yake ni hii. Kwanza daktari hukisafisha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa, maana mashine haiondoi uozo, tena ni hatari kuifunga penye damu inayobubujika. Halafu sponji safi hukatwa kwa kadiri ya shimo la kidonda na kulazwa ndani. Juu yake hubandikwa karatasi ya plastiki yenye gundi, ipite ukingo wa kidonda na kuishika ngozi nzima pande zote. Hutobolewa tundu, mrija hutiwa hapo, na mashine huvuta hewa. Maji machafu hutoka, uvimbe hupungua, kingo za kidonda husogeleana, na nyama nyekundu yenye afya huanza kuota. Nguvu ya kuvuta inayotumika sana ni milimita 125 za zebaki. Kama kipimo hicho ni kigumu, fikiri umesimama juu ya meza na mrija mrefu mdomoni, unanyonya maji ya ndoo iliyo chini: nguvu ya kuyapandisha maji mita 1 na sentimita 70 ndiyo hiyo hiyo.

Lakini faida iliyonishika mimi moyoni ni nyingine. Kidonda kilichofungwa hivyo hakifunguliwi kila siku. Hukaa siku 2 au 3. Fanya hesabu ya pikipiki ya kaka yangu, utaona.

Ubaya ni bei. Mwaka 2010 kuikodi mashine ya namna hiyo Marekani kulikuwa kama dola 100 kwa siku. Tena inataka umeme au betri ya kuchaji, na fundi wa kuitengeneza. Hapo ndipo binti mmoja, Danielle Zurovcik, mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT huko Massachusetts, alipojiuliza kama kweli umeme unahitajika. Akafanya hesabu, akaona kwamba kama hewa haiingii ndani, kazi ya kuvuta ni ndogo mno. Mkono wa mtu unatosha. Akatengeneza kitu cha plastiki chenye mikunjo mithili ya kinanda cha kukamua. Wewe uliyemwona mhunzi utakijua mara moja: ni mvukuto. Ila mvukuto wa mhunzi hupuliza, na huu hunyonya. Unaukamua mpaka mikunjo inalala, unaufunga kwenye mrija, nao kwa kutaka kurudia umbo lake huvuta polepole. Uzito wake haukufika robo kilo, na kuutengeneza kuligharimu kama dola 3.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la nchi likapiga Haiti, watu wakabaki na majeraha makubwa kuliko vitanda vya hospitali. Danielle akaenda huko pamoja na madaktari, mvukuto ukafungwa kwa wagonjwa kadhaa. Na unadhani shida waliyoiona ilikuwa nini? Mvukuto wenyewe haukusumbua. Shida ilikuwa hewa iliyopenya kati ya karatasi ya gundi na ngozi. Penye upenyo mdogo kama unywele, mvukuto hujaa hewa na kazi husimama. Baada ya Haiti, Rwanda nayo ilikuwamo katika mipango yao, nchi ambayo mimi nikisimama nyuma ya banda la mbuzi naviona vilima vyake.

Sasa mjukuu wangu. Yeye yuko mwaka wa tatu katika chuo cha ufundi, na mwalimu wao aliwataka kila mmoja atengeneze kitu cha kusaidia wagonjwa kijijini. Yeye akasoma habari ya Haiti, akachagua mvukuto. Akaja nao ndani ya mfuko wa shule: chupa ya plastiki yenye mikunjo, mrija wa dripu, kipande cha sponji na karatasi ya gundi. Jioni ile akanunua mguu wa nguruwe buchani, akatoboa shimo, akafunga kila kitu juu ya meza yangu ya kulia, nami nikanyamaza kwa kuwa nilitaka kuona. Asubuhi akaniita kwa furaha, "Bibi, njoo uone! Umeshika usiku kucha!"

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nguruwe aliye mezani hatoki jasho. Hajigeuzi kitandani, tena haendi chooni usiku."

Akacheka, lakini akaelewa. Basi nikampa mguu wangu mwenyewe. Hapa niseme neno: si vema kunyonya ngozi nzima kwa nguvu, huweza kutoa malengelenge. Nilimruhusu mvuto mdogo sana, na kwa muda mfupi, nikitazama ngozi mara kwa mara. Karatasi ile ilishika dakika 11. Akaibandika tena, ikashika dakika 8. Akajikuna kichwa, akaanza kuilaumu gundi. Nikamwuliza, "Leo asubuhi umeniona nikifanya nini baada ya kuoga?" Alikuwa ameniona, ila hakufikiri. Nilikuwa nimejipaka mafuta. Nani katika kijiji hiki hajipaki mafuta? Gundi iliyotengenezwa kwa ngozi ya mtu wa nchi ya baridi, anayelala kitanda cha hospitali chumba kikavu, imekuja kukutana na mafuta ya mgando na jasho la masika. Tukaosha kwa sabuni, tukafuta, tukangoja ngozi ikauke barabara ndipo tukabandika. Ikashika mpaka tulipoamua wenyewe kuitoa. Akaandika katika daftari lake: sabuni, kitambaa safi, ngoja ikauke. Karibu na goti, penye kukunjana, ilimshinda bado.

Nikamwuliza jambo jingine. Umeme ukikatika, au hewa ikiingia, mashine ya hospitali hulia kama kengele kuwaita wauguzi. Mvukuto wako utamwita nani? Swali hili si la mchezo. Kama mvuto umekufa na sponji imebaki ndani ya kidonda, umefunga maji machafu pamoja na vijidudu mahali penye joto. Sheria ya wauguzi ni kwamba isikae hivyo zaidi ya saa 2. Mgonjwa aliyelala saa mbili usiku akaamka alfajiri amekwisha zidisha mara tano.

Alikaa kimya hata chai ikapoa. Halafu akaona mwenyewe jambo ambalo mimi sikuliona. Mvukuto ukiwa na nguvu umelala, mikunjo imebanana. Nguvu ikiisha, unafura na mikunjo inafunguka. Kwa hiyo, asema, nikipaka rangi nyekundu ndani ya mikunjo, wekundu utajificha wakati chombo kinavuta na kujitokeza kikilegea. Mtu asiyejua kusoma ataona. Mtoto ataona. Sitakuficha, msomaji, nilifurahi mpaka nikainuka kwenda kutazama sufuria isiyokuwa na kitu jikoni. Usiku lakini taa imezimwa, na swali la nani ataamka kutazama lilibaki mezani. Tukakubaliana kwamba mgonjwa asipewe chombo hiki kwenda nacho nyumbani kama hana mtu wa kukitazama, na kwamba wekundu ukirudi mara kwa mara, sponji itolewe, kidonda kifunikwe kwa shashi safi yenye unyevu, waje zahanati. Hiyo nayo ikaingia katika daftari.

Kisha tukafika kwenye pesa. Yeye alisema chombo chake ni cha bei nafuu, kwa kuwa chupa ni shilingi chache. Nikamwambia mvukuto unanunuliwa mara moja, lakini karatasi ya gundi na sponji iliyotakaswa hununuliwa kila siku ya tatu mpaka kidonda kipone. Karatasi ndiyo yenye njaa. Tukahesabu upande wa pili pia. Siku hizi kutoka kwa kaka yangu hadi zahanati pikipiki ni shilingi 5,000, kwenda na kurudi 10,000. Kufungwa kila siku kwa siku 30 ni shilingi 300,000 za nauli tu, nani anazo? Kila siku ya tatu ni shilingi 100,000. Hizo 200,000 zinazobaki katikati ndizo zinazoweza kununua karatasi, kama muuzaji hataweka bei ya kuzila zote.

Katika mazungumzo hayo mjukuu wangu alinisomea habari iliyonipendeza, ijapokuwa haihusu mvukuto. Huko Mumbai, Bara Hindi, madaktari wa hospitali waliandika mwaka 2003 kwamba waliwafunika watu walioungua kwa majani ya migomba, na yalifanya kazi vizuri. Jani la mgomba haligandamani na kidonda, hivyo kulitoa hakuumizi, tena bei yake ni ndogo mno. Sisi tunaoishi katikati ya migomba tumekuwa tukivuta shashi kavu! Ila usikimbie shambani, tafadhali. Majani yale huandaliwa na kupikwa katika mvuke wa kuua vijidudu kama vyombo vya upasuaji. Jani bichi lililonyewa na ndege si dawa. Wala kinyesi cha ng'ombe, wala majivu, wala unga wa betri, ambavyo vyote nimeviosha katika vidonda vya jirani zangu kwa mikono hii. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi, nenda ukachomwe sindano ya pepopunda. Na kidonda cha wayo kisichouma kiogope kuliko kinachouma, maana huenda ni sukari au ukoma umeua fahamu za mguu.

Jumapili alasiri kaka yangu alikuja kututembelea kwa magongo yake mawili. Mjukuu akamwonyesha chombo, akamweleza yote, mikunjo, wekundu, karatasi. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Alikigeuza geuza mkononi, akasema, "Nifungeni." Mimi sikutaka. Akanitazama, akasema tena, "Dada, nifungeni." Tukaosha mguu wake wa kulia, tukaukausha, tukabandika sponji juu ya ngozi nzima kwa mvuto mdogo, nikasema ni nusu saa tu. Akainuka na magongo yake, akaelekea bandani kuwatazama mbuzi kama desturi yake.

Hakufika mbali. Mvukuto ulikuwa mkononi mwake, na mkono huo huo ulitakiwa kushika gongo. Akautia mfukoni mwa shati, mrija ukawa mfupi. Akauacha uning'inie, ukajipiga kwenye gongo, karatasi ikavutika, na tukauona wekundu ukitoka katika mikunjo. Akasimama pale katikati ya uwanja.

"Mjukuu wangu," akasema, bila hasira, "ungeniuliza kwanza nina mikono mingapi."

Kijana hakujibu. Alitoa daftari, lakini hakuandika, akawa anamtazama tu babu yake jinsi anavyosimama: uzito wote umelala juu ya makwapa, viganja vimebana mbao. Mtu mwenye kidonda kikubwa cha mguu, mara nyingi ndivyo anavyotembea. Chuoni mle alikuwa amekijaribu chombo chake juu ya meza, na juu ya wanafunzi wenzake waliokaa kwenye viti.

Nilimfungua kaka yangu, nikaitazama ngozi, ilikuwa salama. Tukarudi ndani. Nilitaka kusema neno ambalo sikupata kulisema tangu mwaka 2009, habari ya lile jua na ule upepo nilioagiza. Nikalisema. Nikamweleza habari ya Winter na nguruwe wake, nikasema mimi nilikufundisha vibaya. Alinywa chai yake. Akasema, "Mimi pia niliacha kuja." Nikasema, "Hukuwa na nauli." Akasema, "Nilikuwa na mbuzi mmoja bado. Nilimficha." Tukanyamaza wote wawili, na mjukuu akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Kisha wakaanza kazi. Kaka yangu alitaka kifuko cha kitambaa cha kufunga kiunoni, upande wa nyuma, kisigongane na magongo, chenye dirisha la plastiki ili mtu wa nyuma yake aone kama wekundu umetoka. Mjukuu akasema mrija utakuwa mrefu zaidi, itabidi apime upya kama mvuto unatosha. Kaka yangu akasema apime. Tena mrija upite ndani ya suruali, usionekane, maana mwanamume hataki kutembea sokoni watu wakitazama maji ya kidonda chake. Jambo hilo kweli hakuna kati yetu aliyelifikiria, wala mimi na miaka yangu 34.

Jumatatu alfajiri kijana alipanda basi kurudi chuoni. Daftari lilikuwa limejaa, na ndani yake uzi uliofundwa fundo, kipimo cha kiuno cha babu yake. Majuma sita yamepita. Jana alipiga simu kusema kifuko cha kwanza kilivuja kwenye mshono na anashona cha pili. Kaka yangu, kila akija Jumapili, kabla hajaketi huuliza kama kimefika.